Siku saba Denpasar: nyumba ndogo ya watu wawili ndani ya mtaa wa mjini

Kabla ya kufunga mizigo

Denpasar ndio makao makuu ya mkoa wa Bali, lakini wageni wengi huupita tu wakielekea Kuta, Ubud au Canggu. Kwa watu wawili wanaotaka kukaa wiki moja, kujipikia na kutembea kwa miguu, tunaona mji huu unayashinda maeneo hayo. Mitaa yake ni ya wenyeji, bei za sokoni ni za wenyeji, na Sanur yenye bahari imo ndani ya mji huohuo, upande wa mashariki. Simulizi hii inafuata wiki moja katika mtaa wa Panjer, jirani na Renon, kwenye nyumba ya aina inayopatikana kwa wingi huko: chumba kimoja, jiko dogo na bafu, ndani ya ua wa familia, mwisho wa kichochoro.

Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye nyumba mambo manne. La kwanza, mita ya umeme ina uwezo gani, yaani inaruhusu umeme kiasi gani kwa wakati mmoja: VA (volti-ampea) 900, 1,300 au 2,200? La pili, nani ananunua umeme, yeye au nyinyi? La tatu, maji ya moto yanatoka kwenye hita ya umeme au ya gesi? La nne, gari linafika mlangoni au linaishia mdomoni mwa kichochoro? Majibu hayo yanaeleza nyumba vizuri kuliko picha zozote. Picha hupigwa mchana, taa zote zikiwaka na kiyoyozi kikiwa kimezimwa.

Angalieni pia kalenda. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Kihindu wa Bali, kisiwa kizima husimama kwa saa 24, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya kesho yake. Uwanja wa ndege hufungwa, hakuna anayetoka barabarani, taa za nje huzimwa, na intaneti ya simu hukatwa. Mwaka 2026 Nyepi iliangukia tarehe 19 Machi. Wageni wanaokaa mtaani hubaki ndani kama wenyeji, hivyo chakula na maji ya siku mbili vinunuliwe mapema na mapazia yawe mazito. Galungan ni jambo jingine: huja kila baada ya siku 210, maduka mengi ya familia hufungwa, na vichochoro hupambwa kwa penjor, mianzi mirefu iliyopindwa na kuvishwa majani ya mnazi. Ni wiki nzuri sana kuwa mtaani, ila si wiki ya kutegemea kibanda cha jirani kwa chakula cha mchana.

Mvua ni nyingi kuanzia Novemba hadi Machi. Julai na Agosti ni kukavu, kuna upepo, na bei za malazi hupanda.

Karatasi: pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 na tiketi ya kurudi. Kama nchi yenu imo kwenye orodha ya visa ya kufikia, ada yake ni rupia 500,000 kwa mtu, kwa siku 30, na huongezwa mara moja tu kwa siku 30 nyingine. Mkoa wa Bali unatoza ada yake ya wageni tangu tarehe 14 Februari 2024: rupia 150,000 kwa mtu, hulipwa mtandaoni kupitia Love Bali. Kwa wawili, basi, wekeni kando rupia 1,300,000 kabla hamjanunua hata chupa ya maji. Fomu ya kuingia nchini iitwayo All Indonesia hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na haina malipo. Tovuti inayodai fedha kwa fomu hiyo si ya serikali. Mnaotoka Afrika Mashariki, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa huombwa kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Chaji za simu za Kenya na Tanzania zenye vichwa vitatu vya bapa hazitaingia ukutani. Soketi za Indonesia ni za vipini viwili vya mviringo, volti 230. Nunueni adapta mbili nyumbani, pamoja na ekstensheni moja ya soketi zenu wenyewe. Adapta moja na ekstensheni vitatosha vifaa vyote vidogo, na adapta ya pili ni ya akiba.

Siku ya 1: uwanjani hadi mlangoni

Uwanja wa Ngurah Rai uko Tuban, kusini mwa mji. Saa ya Bali iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5, kwa hiyo ndege inayotua jioni huwakuta na mwili wa mchana. Toeni fedha kidogo kwenye mashine za uwanjani, kiasi cha siku mbili. Mashine yenye kibandiko cha noti za 50,000 ni bora kuliko ya 100,000, maana vibanda vya mtaani hukosa chenji. Fedha za kubadilisha zisubiri mjini, kwenye duka lenye kibali cha benki kuu na kaunta ya kioo. Duka la pembeni linalotangaza bei nzuri kupita zote hupata faida yake mezani, wakati wa kuhesabu. Kanuni ni moja: ninyi ndio mnaohesabu mwisho, na noti zikishahesabiwa hazirudi tena mkononi mwa muuzaji.

Teksi ya kaunta ya uwanjani ina bei ya kudumu kulingana na eneo, na Grab na Gojek, programu za simu za kuita usafiri, zinafanya kazi pia. Panjer ni mwendo wa nusu saa barabara ikiwa tupu, saa nzima jioni.

Tatizo la kwanza huwa ni anwani. Anwani ya Denpasar ina jina la barabara, kisha Gang, yaani kichochoro, chenye nambari ya Kirumi au jina la ua, kisha nambari ya nyumba. Nambari za nyumba mara nyingi hazifuatani: nyumba ya 7 inaweza kupakana na ya 22. Mtumieni mwenye nyumba ujumbe awape alama ya ramani ya mdomo wa kichochoro na nyingine ya mlango, na picha ya lango. Vichochoro vingi vina upana wa gari moja, vingine wa pikipiki mbili tu. Dereva atashusha mizigo nje, nanyi mtaburuta masanduku mita 50 au 100 juu ya zege lenye mifuniko ya mifereji. Begi la mgongoni linaokoa magurudumu.

Mwenye nyumba atapiga picha pasipoti zenu. Hilo ni halali na ni wajibu wake: anayelaza mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa kumripoti kwa idara ya uhamiaji kupitia mfumo wa mtandaoni. Asiyeuliza pasipoti ndiye wa kutiliwa shaka.

Wasalimieni watu wa ua kwa vyeo vyao. Mwanamume mtu mzima ni Pak, mwanamke mtu mzima ni Bu. Kijana wa kiume wa Kibali huitwa Bli, wa kike Mbok. Mtasikia majina yaleyale kila ua: Wayan, Made, Nyoman, Ketut, ambayo hufuata mpangilio wa kuzaliwa kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa nne. Kwa sababu hiyo, kwenye simu muandikeni kila mtu kwa jina pamoja na kazi yake: Wayan wa gesi, Made wa nyumba.

Usiku wa kwanza, umeme hukatika. Si mtaa mzima, ni nyumba yenu. Sababu yake inastahili maelezo kamili.

Kila nyumba Indonesia ina kikomo cha umeme ilichokubaliana na shirika la taifa, PLN. Mita ya VA 1,300 inalindwa na breka ya ampea 6, ya 2,200 na breka ya ampea 10, na ya 900 na breka ya ampea 4. Piga hesabu ya chumba chenu: kiyoyozi cha kawaida cha ukubwa wa PK 1 (nguvu ya farasi mmoja) hula takribani wati 800 kikiwa kinapoza. Hita ndogo ya maji ya lita 15 hula wati 350. Mashine ya maji ya kunywa ikiwa inachemsha hula kama 350 nyingine. Jumla ni 1,500, na friji bado haijahesabiwa. Kwenye mita ya 1,300, breka inaanguka. Wakati mwingine jumla iko chini ya kikomo na bado inaanguka, kwa sababu pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi huvuta umeme mwingi zaidi sekunde ya kuwaka.

La kufanya: zimeni vyote, nendeni kwenye mita (mara nyingi iko ukutani nje, karibu na lango), inueni swichi ya breka, kisha washeni kimoja kimoja mkianza na kiyoyozi. Baada ya hapo, kifaa cha kuchemsha kiwe kimoja tu kwa wakati mmoja. Hita ya maji iwashwe dakika 20 hadi 30 kabla ya kuoga, kisha izimwe. Nyumba yenye VA 2,200 haina shida hii kwa watu wawili, ndiyo maana swali lile la kwanza lina uzito.

Siku ya 2: tokeni, maji na gesi

Anayetumia luku Tanzania au tokeni Kenya ataielewa mita ya Denpasar mara moja: tokeni ya tarakimu 20, kibodi ndogo, na mlio mita inapokaribia kwisha. Nambari ya mita ina tarakimu 11. Ipigeni picha, nendeni Indomaret au Alfamart, duka lolote kati ya hayo mawili yaliyojaa kila kona, mtaje "token listrik" na kiasi. Risiti ina zile tarakimu 20. Zikiingia sawa, kioo huandika BENAR. Risiti za joto hufutika haraka kwenye mfuko wenye jasho, kwa hiyo ipigeni picha palepale dukani.

Bei ya uniti moja kwa mita za VA 1,300 na 2,200 ni rupia 1,444.70, kabla ya kodi ya taa za barabarani na ada ndogo ya muuzaji. Tokeni ya 100,000 hutoa uniti sitini na kitu. Kiyoyozi cha PK 1 kikifanya kazi saa 8 bila kupumzika kingekula uniti 6.4, yaani kama rupia 9,250. Kikiwekwa nyuzi 25 au 26, milango ikifungwa, kompresa hupumzika na gharama hushuka. Nyuzi 18 hazipozi chumba haraka zaidi. Zinazuia tu kompresa isipumzike, na chumba chenye ukuta wenye unyevu huanza kunuka ukungu. Kiyoyozi kikidondosha maji ndani ya chumba, bomba lake la kutoa maji limeziba kwa utelezi. Mwambieni mwenye nyumba amwite fundi, kazi ya chini ya saa moja. Msiweke ndoo na kunyamaza, kwa sababu maji hayo yatashuka ndani ya ukuta.

Maji ya bomba ya nyumba nyingi za Panjer hutoka kisimani kwa pampu, hupanda tanki juu ya paa, kisha hushuka. Tanki lililo mita 3 juu ya bomba la mvua linatoa msukumo wa takribani bar 0.3 tu, hivyo maji hutiririka taratibu bila nguvu. Hakuna kilichoharibika. Lakini kama hita ni ya gesi, msukumo huo unaweza usitoshe kuiwasha. Kabla ya kulalamika, angalieni betri zake mbili kubwa chini ya hita, maana cheche hutoka humo, na fungueni bomba hadi mwisho. Bafu likinuka mfereji, mimineni kata mbili za maji kwenye tundu la sakafu, maana harufu hupanda pale maji ya kuziba yanapokauka.

Maji hayo si ya kunywa. Ya kunywa ni galoni, mtungi wa plastiki wa lita 19. Watu wawili wanaokunywa, kupikia na kupigia mswaki hutumia kama lita 7 kwa siku, kwa hiyo mtungi haufikishi siku 3. Duka la kichochoroni hubadilisha mtupu kwa uliojaa na hufikisha mlangoni kwa pikipiki kwa nyongeza ndogo. Kama hakuna mtupu wa kuanzia, mtalipia mtungi wenyewe, basi muulizeni kwanza mwenye nyumba. Mtungi uliojaa una karibu kilo 20: uinueni wawili, au chagueni mashine ya kuwekea mtungi chini. Vituo vya kujaza upya ni rahisi zaidi, lakini kwa wiki moja tunashauri mtungi uliofungwa kiwandani wenye utepe mzima. Kuharisha siku ya tatu kunakula muda kuliko akiba ya rupia chache.

Gesi ya jikoni ni mtungi wa kijani wa kilo 3, wa waridi wa kilo 5.5 au wa kilo 12. Wa kijani umepunguzwa bei na serikali kwa ajili ya kaya maskini na wafanyabiashara wadogo, hivyo mgeni aombe wa waridi. Shida yake ya kawaida ni kuvuja pale regulata inapokaa. Mkisikia mlio wa kuzomea au harufu, fungeni, toeni regulata, angalieni mpira mdogo wa mviringo mdomoni mwa mtungi. Ukiwa umepasuka au umelegea, dukani hupatikana kwa bei ndogo sana. Ukishabadilishwa, pakeni povu la sabuni: povu likivimba, bado inavuja. Kiberiti kisitumike kamwe kupima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, kwa hiyo fungueni mlango na si dirisha la juu peke yake.

Siku ya 3: sokoni alfajiri, jikoni mchana

Soko la Badung, Pasar Badung, liko kando ya mto Badung, kwenye Jalan Gajah Mada. Liliungua mwaka 2016, likajengwa upya kwa ghorofa nne na kufunguliwa Machi 2019. Nendeni saa 11 alfajiri au kabla ya saa 1 asubuhi, samaki wakiwa wabichi na mboga hazijanyauka. Wanawake wenye vikapu vikubwa kichwani ni wachukuzi wa kulipwa. Patana bei kabla ya mzigo kupanda, na umpe anachostahili: kazi hiyo ni ngumu.

Bei nyingi hutajwa kwa "ons", na ons ya Indonesia ni gramu 100. Mgeni akisikia bei ndogo ya dagaa au pilipili, ajue imetajwa kwa gramu 100 wala si kwa kilo. Chukueni mfuko wa kitambaa. Manispaa ya Denpasar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki madukani tangu Januari 2019, na agizo la gavana la mwaka 2018 liliongeza mirija na vifungashio vya stairofomu.

Jiko la plate moja linatosha kwa sambal matah, kachumbari kali ya Bali isiyopikwa. Kwa watu wawili: vitunguu vidogo vyekundu 8, pilipili kichaa 5, mchaichai mashina 2, majani 2 ya ndimu ya kafiri, nusu kijiko cha chai cha terasi (kamba waliosagwa na kuchachushwa), vijiko 3 vya mafuta ya nazi, chumvi na ndimu moja. Mchaichai utumike sehemu nyeupe tu, kama sentimita 5 za chini, ukatwe wembamba kabisa. Sehemu ya kijani ina nyuzi ambazo hazitafuniki. Majani ya ndimu yatolewe uti wa katikati kabla ya kukatwakatwa. Terasi ikaangwe kavu kwanza, dirisha likiwa wazi. Changanyeni na chumvi, minyeni kwa vidole dakika moja, mwagieni mafuta yaliyopata moto lakini hayajatoa moshi, na ndimu iwe ya mwisho. Huliwa palepale juu ya samaki wa kuchoma na wali. Ikilala hadi jioni, vitunguu hutoa maji na kuwa vichungu.

Asiyekula nguruwe ajue kusoma vibao. Neno "babi" kwenye kibao ni nguruwe, na babi guling ni chakula cha fahari cha Bali, hivyo lipo kila mahali. Lawar, mboga iliyochanganywa na nyama ya kusaga, mara nyingi huwa na nguruwe na damu. Mahali salama ni vibanda vilivyoandikwa "Muslim" au "halal", vingi vikiwa vya watu kutoka Java na Madura, na eneo la Kampung Jawa kaskazini ya katikati ya mji, lenye msikiti na vyakula vya usiku. Nasi jinggo, wali kidogo uliofungwa kwenye jani la mgomba pamoja na kuku wa kuchambua na sambal, ni mlo wa Denpasar hasa. Ni mdogo: mtu mmoja hula mbili au tatu. Muulizeni muuzaji nyama ni ipi.

Siku ya 4: ndani ya ua

Siku hii msitoke mapema. Uangalieni ua mnaokaa, maana ndio wenye Bali yenyewe.

Nyuma ya lango kuna ukuta mfupi unaokulazimisha kupinda: hilo ni kinga dhidi ya pepo wabaya, ambao huaminiwa kwenda moja kwa moja. Kona ya kaskazini-mashariki ndiko kwenye mahekalu ya familia, upande wa mlima na wa macheo ya jua. Jiko huwa kusini. Kitanda chenu huenda kimewekwa kichwa kikielekea kaskazini au mashariki, na msikigeuze ili kufuata soketi. Nguo za ndani zisianikwe juu ya kimo cha kichwa wala mbele ya mahekalu. Tumieni kamba ya nyuma, chini. Hili ndilo kosa linalowakera wenye nyumba zaidi, na wengi hawatalisema usoni.

Kila asubuhi mama wa nyumba ataweka canang sari, kisahani cha majani ya mnazi chenye maua, wali kidogo na udi unaofuka, mlangoni, kwenye ngazi, juu ya mita, hata kwenye pikipiki. Usikikanyage wala kukivuka udi ukiwa bado unawaka. Udi ukiisha, kuku na sisimizi hukichukua, na hapo hakuna ubaya kukipita. Msikiondoe mlangoni kwenu kwa ajili ya usafi. Yeye ndiye atakayefagia.

Mtaa unaendeshwa na banjar, baraza la jirani lenye ukumbi wake na ngoma ya gogo iitwayo kulkul. Walinzi wake, pecalang, huvaa kitambaa cha mirabaraba ya nyeusi na nyeupe. Wakifunga barabara kwa msafara wa sherehe, subirini au zungukeni, msibishane. Mkialikwa hekaluni, vaeni kamen (kitambaa cha kiunoni kama kikoi) na mshipi. Mwanamke aliye hedhini haingii, na mwenye kidonda kinachotoa damu vilevile.

Jogoo watawika kuanzia saa 10 usiku. Vizibo vya masikio vinasaidia.

Siku ya 5: katikati ya mji kwa miguu

Uwanja wa Puputan Badung una kivuli asubuhi. Tarehe 20 Septemba 1906 jeshi la Waholanzi liliingia Denpasar, na familia ya kifalme ya Badung pamoja na wafuasi wao walitoka wamevaa nyeupe, wakaenda kufa kuliko kusalimu amri. Kisingizio cha vita kilikuwa jahazi Sri Kumala, lililokwama Sanur mwaka 1904. Pembeni kuna Makumbusho ya Bali, yaliyofunguliwa 1932, na hekalu la Jagatnatha.

Shukeni Jalan Gajah Mada hadi Jalan Sulawesi, mtaa wa vitambaa. Wafanyabiashara wengi hapa ni wa asili ya Kiarabu na Kihindi, na wale wa Hadhramaut ni jamaa za Washihiri tunaowajua Mombasa, Lamu na Unguja. Vitambaa huuzwa kwa mita. Kwa kebaya, blauzi ya kitamaduni ya mwanamke, mita 2 zinatosha. Hewani mtasikia karafuu: ni sigara za kretek, ambazo viwanda vyake vilikuwa kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba.

Siku ya 6: Sanur, dobi na jioni ya Renon

Sanur inatazama mashariki, hivyo nendeni kabla ya jua, linalochomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima. Maji yakitoka, miamba hubaki wazi hadi mbali kama Paje au Jambiani. Kuogelea ni kwa maji yanayojaa, basi angalieni jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kutoka nyumbani. Mitumbwi ya jukung yenye mianzi ya kuelea pande zote mbili ina ukoo na ngalawa zetu, ambazo watafiti huzihusisha na mabaharia wa visiwa hivi. Hoteli ndefu ya ghorofa kumi pwani, ya mwaka 1966, ndiyo iliyosababisha kikomo cha mita 15 kwa majengo yaliyofuata, kimo cha mnazi. Nguzo ya Blanjong, yenye maandishi ya mwaka 914, imejificha ndani ya kichochoro kusini mwa Sanur, na inafaa kuitafuta.

Kwa pikipiki, leseni ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki. Leseni ya gari pekee haitoshi, na bima ya safari hukataa madai kwa sababu hiyo. Barabara ni ya kushoto kama kwetu. Mbwa wa vichochoroni waachwe: kichaa cha mbwa kimo Bali tangu 2008. Akiuma au kukwaruza, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Mbu wa dengue huuma mchana, kwa hiyo pakeni dawa asubuhi, na mwagieni nje maji yaliyotuama kwenye sahani za maua na ndoo ya bafu.

Nguo zipelekwe kwa dobi wa kilo leo asubuhi, si kesho. Hupimwa, huoshwa pamoja na hurudi zimepigwa pasi baada ya siku moja au mbili. Hesabuni vipande na mpige picha, na msipeleke hariri.

Jioni, uwanja wa Renon hujaa wakimbiaji kuzunguka mnara wa Bajra Sandhi: ngazi 17 za mlango mkuu, nguzo kuu 8, kimo mita 45, yaani 17 Agosti 1945, siku ya uhuru wa Indonesia.

Siku ya 7: kukabidhi funguo

Anzeni kwa mita. Ipigeni picha ikionyesha uniti zilizobaki, na kama makubaliano yalikuwa mnalipa mlichotumia, linganisheni na picha ya siku ya kwanza. Fungeni gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko pekee. Takataka zitenganishwe, za kuoza mbali na zisizooza, kwa sababu wachukuaji hukataa mfuko uliochanganywa na utabaki langoni kwa mama wa nyumba. Mtungi mtupu wa maji na ule mpira wa mtungi wa gesi mliobadilisha, mwacheni mwenye nyumba avione.

Kuelekea uwanjani, teksi inaweza kupita njia ya kulipia ya Bali Mandara juu ya maji, kutoka Benoa. Malipo yake ni kwa kadi ya elektroniki tu, hakuna fedha taslimu. Madereva wengi wanayo, nanyi mnamrudishia kiasi kilichokatwa. Ondokeni Panjer muda wa saa 4 kabla ya ndege ya kimataifa kama ni alasiri, na mumpigie dereva akiwa bado njiani ili mburute masanduku hadi mdomo wa kichochoro kabla hajafika, maana hapo hana pa kuegesha.